Kutoka Mutanga hadi Kitabu cha Mashine: Nafasi ya Mfafanuzi katika Hadithi za Watoto wa Maniema

Katika wilaya ya Pangi, ulipo mji mdogo wa Kampene, mafunzo kwa picha na maneno hayakuanza na kitabu. Warega walikuwa na mutanga, yaani kamba iliyotundikwa vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikisimama badala ya methali. Chama cha bwami nacho kilifundisha vivyo hivyo: sanamu ilionyeshwa, methali ikatamkwa. Lakini kitu chenyewe kilikuwa bubu mpaka apatikane mtu wa kukifafanua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni nafasi ya mfafanuzi huyo inayohojiwa leo.

Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa, iliyoweka vituo Nyangwe na Kasongo. Hadithi zake zilipigiwa chapa mbali na hapo. Mwaka 1870, Edward Steere alichapisha London ngano alizozikusanya Unguja. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, nayo ikasanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo, na Kingwana kikaendelea kwa njia yake. Kwa hiyo mtoto asemaye "mutoto" na "katoto" alipofungua kitabu cha Kiswahili sanifu alikuta "mtoto" na "kitoto". Aliyeweza kuliziba pengo hilo ni mtu mzima aliyeketi kando yake, akisoma huku akifasiri.

Mnamo Agosti 2025, kampuni ya Google iliongeza katika programu yake ya Gemini uwezo wa kutunga, kwa ombi la mzazi, kitabu cha hadithi cha kurasa 10 chenye picha na sauti. Akili bandia ya namna hii hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi mengi ya Kiswahili ni ya sanifu. Mfano wake ni mradi wa kampuni ya Meta wa mwaka 2022, uliotafsiri lugha 200. Kiswahili cha pwani kilihesabiwa humo. Kiswahili cha Kongo, ingawa kina alama yake katika orodha ya kimataifa ya lugha, hakikuhesabiwa, wala Kilega hakimo.

Hivyo pengo la 1930 limerithiwa na mashine. Lililo jipya ni kwamba kitabu hiki si bubu: hujisomea chenyewe, na mzazi huweza kuinuka akaenda zake. Akiinuka, mtoto hubaki na hadithi isiyo na mtu wa kuulizwa. Akibaki, akalibadili neno, akaikosoa picha ya nyumba isiyofanana na ya kwao, akaongeza methali ya babu, basi kitabu cha mashine hugeuka kitu kimoja zaidi kwenye kamba ya mutanga, na maana yake hutoka tena kinywani mwa mtu.