Mali Bila Daftari: Kisa cha Ushirika wa Kahawa Kilimanjaro

Katika kazi yangu ya uandishi wa habari, neno "ushirika" huwa nalikuta kwenye habari za aina mbili tu: bei ya mazao na ubadhirifu. Kiongozi kasimamishwa, wakulima hawajalipwa, basi. Ukisoma habari hizo miaka kumi mfululizo utaamini kuwa ushirika ni jina jingine la mizani iliyochezewa. Ndiyo maana nikarudi kwenye historia ya Kilimanjaro, ambako wakulima waliungana kabla serikali haijawatungia sheria ya kuungana.

Mibuni ya arabika ilifika mlimani na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wachagga wengi waliipanda kwenye vihamba vyao, katikati ya migomba. Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza, aliwatia moyo. Walowezi hawakupenda. Walidai kahawa ya Waafrika ingewaletea wadudu na magonjwa mashambani. Lakini kulikuwa na hofu nyingine: mtu mwenye kahawa yake ataenda kuwa kibarua wa nani?

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association (KNPA), Joseph Merinyo akiwa rais. Walijibu hoja ya wadudu kwa vitendo: wakanunua bomba na dawa kwa pamoja, wakapulizia mibuni yao. Kisha wakaanza kuuza kwa pamoja. Chama kilikuja kuelemewa na madeni na migogoro, huku serikali nayo ikikitazama kwa jicho la siasa. Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 KNPA ikarithiwa na KNCU, yaani Kilimanjaro Native Co-operative Union.

Sasa, kitu hiki kinafanyaje kazi? Mkulima anapeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi cha kijijini. Karani anapima, anaandika daftarini, anampa stakabadhi na malipo ya kwanza. Chama cha msingi kinapeleka mzigo kwa chama kikuu, Moshi, ambako unakobolewa na kuuzwa. Gharama zikikatwa, kinachobaki kinamrudia mkulima kama malipo ya pili, kwa kadiri ya kilo alizoleta. Hapo ndipo ushirika unapotofautiana na kampuni. Kwenye kampuni, mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Kwenye ushirika, mwenye mibuni hamsini na mwenye elfu tano wana kura moja moja.

Sura zake ni nyingi. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844 walikuwa wanunuzi waliochoka kuuziwa unga uliochanganywa na takataka. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa wauzaji. Leo tuna AMCOS za mazao, SACCOS za akiba na mikopo, na vyama vya nyumba. Mlango ni tofauti, lakini swali ndani ni lile lile: nani anashika daftari, na nani ana haki ya kulifungua?

Swali hilo lilizua vurugu mapema. Katika miaka ya 1930 kanuni ziliwalazimisha wakulima Waafrika wa mlimani kuuza kahawa yote kupitia KNCU. Bei iliposhuka, watu wakauliza: chama chetu kimegeukaje kuwa amri? Mwaka 1937 makundi yenye hasira yalishambulia majengo ya baadhi ya vyama vya msingi. Mimi sioni kwamba walichoka kushirikiana. Waliokuwa wakikishambulia ndio wale wale ambao chama kilidai ni wenye mali.

KNCU ilisimama tena, ikatajirika, ikasomesha watoto. Kule Kanda ya Ziwa, vyama vya wakulima wa pamba viliungana mwaka 1955 katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Baada ya Uhuru, ushirika ukapelekwa haraka hata mahali ambapo wakulima hawakuuomba, na mwaka 1966 tume ya Rais ikachunguza malalamiko ya wizi na uzembe. Kisha, mwaka 1976, serikali ikavifuta vyama vikuu vyote. Mazao yakakabidhiwa kwa mamlaka za serikali, na kijiji kikahesabiwa kuwa ndicho ushirika wenyewe. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuvifuta lilikuwa kosa.

Lakini kilichorudi hakikuwa kile kilichoondoka. Majengo hurudishwa kwa sheria; mazoea ya mwanachama kusimama mkutanoni na kuuliza "zile fedha ziko wapi?" hayarudi kwa tangazo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye ushirika daftari lipo siku zote, tena nene. Tatizo huanza pale linaposomwa na karani, mwenyekiti na mkaguzi peke yao, halafu mkulima anaitwa kupiga makofi.

Kwa hiyo nikisikia tena kiongozi wa chama kasimamishwa, nitaandika jina lake, ndiyo, lakini nitauliza pia mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini, na ni wanachama wangapi waliosomewa mahesabu.