Safu ya Lugha: Bembea

Bembea ni nomino na kitenzi kwa pamoja. Wengine husema pembea, nayo ni sahihi. Ukimsukuma mtoto, unambembeza. Tofauti ya neno hili na kuyumba inafaa kulindwa: kinachoyumba hakina muda wala mpaka, lakini kinachobembea hupita palepale kila mara, kwa muda uleule.

Muda huo ndio uliomwezesha Christiaan Huygens wa Uholanzi kubuni, mwaka 1656, saa inayoongozwa na uzito unaobembea, yaani pendulumu. Kamba ya mita 1 humchukua mbembeaji takriban sekunde 2 kwenda na kurudi. Uzito ukiongezwa, muda haubadiliki. Ukitaka sekunde 4, tafuta kamba ya mita 4.

Sasa mtazame mtoto akiwa juu kabisa. Kwa nukta moja amesimama: kasi ni sifuri, ilhali nguvu ya kumrudisha ndiyo kubwa kuliko popote. Akipita katikati mambo hugeuka. Kasi imefika upeo, nguvu hiyo imetoweka. Kalkulasi husema hayohayo, na husema vizuri mno: bembea ikiwa ndogo, umbali wake kutoka katikati ukifuata sini, kasi hufuata kosini, na badiliko la kasi hurudi kuwa sini yenye alama ya kutoa.

Walimu wa fizikia, nawaomba msiseme pendulumu inayumba. Mlevi ndiye anayeyumba, pendulumu inabembea.