Kutoka Mchinga hadi Kariakoo: Neema na Mporomoko wa Mali ya Kusini katika Historia ya Neno "Machinga"



Historia ya mali asili kwa kawaida huandikwa kutoka mahali mali inapochimbwa au kuvunwa. Mhadhara huu unaitazama kutoka upande wa pili, yaani katika msamiati wa soko lililo mbali na mali hiyo. Hoja ninayoitetea ni kwamba Kariakoo imehifadhi katika maneno yake habari za neema zilizoporomoka kwingine, na kwamba neno machinga ni mojawapo ya hati zake muhimu.

1. Umbo la neno

Jina Kariakoo lenyewe lina asili ya aina hiyo. Baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi katika eneo hilo. Vita vikaisha, wapagazi wakaondoka, jina likabaki katika matamshi ya Waswahili.

Kuhusu machinga, wapo wanaolitoa katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya vijana watembeao kwa mwendo wa kijeshi. Naona hiyo ni etimolojia ya mitaani. Nomino za mkopo zinazotaja watu wa kazi fulani kwa kawaida huchukua ma- katika wingi: madereva, makarani, mameneja. Neno letu huchukua wa-: wamachinga, kama Wamakonde, Wamakua na Wamatumbi. Wamachinga ni watu wa pwani ya Lindi, ambako pia kuna mji wa Mchinga. Kilichodondoka ni kiambishi cha umoja, Mmachinga akawa machinga, na pamoja nacho ikadondoka herufi kubwa. Jina la watu likawa jina la kazi.

Hata hivyo, umbo peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Tuulize: kwa nini watu wa Kusini?

2. Neema mbili za Kusini

Neema ya kwanza iliahidiwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1947 ulianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli, na Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu. Mradi ulitelekezwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962.

Neema ya pili ilitoka mikononi mwa wakulima wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Kisha mambo yakaandamana: Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei waliyolipwa haikuwatia moyo, na ubwiriunga ukashambulia maua. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000.

Kijana ambaye baba yake alisomesha watoto kwa korosho alijikuta hana cha kurithi isipokuwa miti mgonjwa. Akapanda lori au meli kwenda Dar es Salaam. Huko Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilimhesabu miongoni mwa wasio na kazi halali, wa kukamatwa na kurudishwa shambani. Lakini kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kulegezwa, mitumba na bidhaa nyingine zikaingia, na mtaji wa kijana huyo ukawa miguu yake. Alizunguka na nguo begani kutoka Kariakoo hadi mitaa ya ofisi. Wenyeji wakamwita kwa jina la kwao. Baadaye vijana wa kila mkoa walioshika kazi hiyo wakaitwa hivyo hivyo.

3. Neema ya tatu

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo. Serikali ilipoamua kujenga bomba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, wananchi wa Mtwara waliandamana, na mwaka 2013 ghasia zilisababisha vifo. Wengi waliwaona kama watu wasiojua uchumi wa taifa. Mwanaisimu anayeijua historia ya neno machinga atasita kusema hivyo: walikuwa wameshaona reli ikija na kung'olewa, na korosho ikistawi na kunyauka. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeanguka tangu mwaka uliotangulia, na mtambo wa kusindika gesi uliotarajiwa Likong'o, Lindi, haukujengwa katika muongo huo.

4. Hitimisho

Neno hili sasa limeingia katika lugha ya serikali. Mwaka 2018 wamachinga walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 waliondolewa katika barabara za Kariakoo na kupangiwa maeneo mengine. Katika kauli zote mbili machinga ni suala la mipango miji. Historia ya neno inatuambia kwamba ni suala la Nachingwea, la mikorosho na la bei ya mazao. Anayetaka kulitatua Kariakoo peke yake anafagia maji huku bomba likivuja.

Wanafunzi wangu, mnapokusanya msamiati wa soko, andikeni pia muuzaji alitoka wapi na aliacha nini nyuma. Kamusi itakayotoa fasili ya "mchuuzi mdogo" bila kuitaja Lindi itakuwa imesema kweli, lakini nusu yake tu.