Rilei: Jina la Kuazima, Vitenzi vya Nyumbani

Ndani ya mita ya LUKU ya umeme unaolipiwa kabla, chini ya boneti ya gari, katika kifaa cha kulinda friji na katika sanduku la kuwashia mota ya mashine ya kusaga, kuna kifaa chenye kazi moja: kuunganisha au kutenganisha njia ya umeme mkubwa kwa amri ya umeme mdogo. Mafundi hukiita rilei. Wapo wanaolionea haya neno hilo kwa kuwa limechukuliwa zimazima kutoka Kiingereza, nao wangependa tuunde letu. Nakubaliana nao kwamba Kiswahili kina deni hapa, ila deni lenyewe naliona mahali pengine. Jina la kifaa tunaweza kuliazima bila hasara. Tusichoweza kuazima ni vitenzi vinavyosema kifaa hicho kiko katika hali gani. Fundi akikosea jina, atauziwa kipuri kisicho chake; akikosea kitenzi, anaweza kushika waya wenye umeme akidhani hauna.

Tuanze na kazi yenyewe. Rilei ya kawaida ina pande mbili. Upande mmoja ni koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kiini cha chuma. Upande wa pili ni ncha za madini zinazoweza kugusana au kuachana. Umeme ukipita kwenye koili, kiini kinakuwa sumaku, kinavuta kipande cha chuma, na kipande hicho kinazisogeza ncha. Umeme wa koili ukikatika, springi inazirudisha zilipokuwa. Rilei ndogo ya volti 12 hutumia kiasi cha miliampea 30 kwenye koili, ambazo ni wati 0.36 tu. Ncha zake huweza kubeba ampea 10 za umeme wa nyumbani wa volti 230, yaani wati 2,300. Amri imetawala nguvu inayoizidi zaidi ya mara 6,000, wala hakuna waya unaounganisha pande hizo mbili. Utengano huo ndio uti wa mgongo wa istilahi hii. Transista nayo hutawala mkondo mkubwa kwa mkondo mdogo, lakini pande zake zina njia ya umeme ya pamoja. Rilei huiweka saketi ya amri mbali kabisa na saketi ya kazi, na kwa sababu hiyo mtu huweza kubonyeza kitufe cha volti 24 huku kinachowashwa upande wa pili kikiwa ni mota ya volti 400.

Neno la Kiingereza liliufikia umeme kwa kupitia farasi. Katika safari ndefu za Ulaya, farasi waliochoka walibadilishwa kwa wengine waliokuwa wakingoja njiani, na mpango huo ndio uliobeba jina hilo. Telegrafu ilipokuja katika karne ya 19 ilikutana na uchovu wa namna yake, kwani mkondo ulififia kadiri waya ulivyorefuka. Mwaka 1835 Mmarekani Joseph Henry alikuwa akionyesha kwamba sumaku ndogo ya umeme inaweza kutawala saketi ya sumaku kubwa, na Edward Davy wa Uingereza alilitumia wazo la aina hiyo katika telegrafu yake kabla ya muongo huo kwisha. Mkondo uliokuwa umechoka ulibakiwa na nguvu ya kuvuta ncha ndogo, nazo ncha ziliingiza betri mpya kwenye waya uliofuata. Kwa kazi hiyo, jina la farasi wa kupokezana lilifaa kweli.

Hapo ndipo mtu anapovutwa kusema kipokezi. Tuna mbio za kupokezana vijiti. Kwa nini tusiwe na kifaa cha kupokezana umeme? Kwanza, kipokezi kina kazi nyingine tayari, hasa kwenye redio, ambako ni chombo cha kunasa mawimbi. Pili, na hili ni zito zaidi, rilei ya leo kwa sehemu kubwa haipokezani chochote. Rilei ya honi ya gari haipeleki ujumbe mji wa mbali; inaokoa swichi ya usukani isibebe mkondo mkubwa. Tukitafsiri farasi wa Ulaya, tutakuwa tumetafsiri historia ya Kiingereza na kukiacha kifaa. Pendekezo la swichi sumaku lina nguvu zaidi, maana linasema kilichomo ndani. Lakini kilichomo ndani hubadilika. Mwaka 1957 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa thairista, kipande cha silikoni kinachoanza kupitisha mkondo mkubwa kikiguswa na mkondo mdogo, bila kitu chochote kusogea. Baadaye zikaja rilei zisizo na koili wala springi. Ndani ya nyingi kati ya hizo taa ndogo humulika kipande kinachohisi mwanga, na mwanga huo ndio unaovuka pengo kati ya amri na kazi. Sumaku imeondoka, utengano umebaki. Istilahi iliyojengwa juu ya sumaku ingekuwa imekwisha kuzeeka.

Rilei, kwa kuwa haidai chochote kuhusu umbo la kifaa, inazaa kwa urahisi. Tunapata rilei ya joto, ambayo mkondo wa mota ukizidi hupasha moto bamba la metali mbili mpaka linapinda na kuisimamisha mota. Tunapata rilei ya ulinzi kwenye vituo vya umeme, ambayo kazi yake ni kupima na kuamua, ilhali anayekata ni breka. Tunapata rilei ya kushika, iliyomo kwenye mita ya LUKU, ambayo hupewa msukumo mfupi tu wa umeme kisha ikabaki katika hali hiyo bila kutumia nguvu zaidi, hadi uniti ziishe au tokeni mpya ya tarakimu 20 iingizwe. Jaribu kuunda majina hayo kwa kutumia maelezo marefu kama "swichi inayoendeshwa kwa umeme" na utaona jinsi ulimi unavyochoka. Neno lenyewe limeshakuwa raia: linakaa ngeli moja na swichi na betri, na mkazo wake unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama unavyopaswa.

Sasa tufike kwenye deni. Kiingereza husema saketi iko "wazi" pale ambapo umeme haupiti, na "imefungwa" pale unapopita. Picha yao ni ya duara: likikamilika limefungwa, likiwa na pengo liko wazi. Mswahili ana picha nyingine kabisa, tena imara. Tukisema fungulia maji, maji yanatoka. Tukisema fungulia redio, redio inaanza kuongea. Funga bomba, maji yanakoma. Kufungua kwetu ni kuruhusu kitu kipite, na kufunga ni kukizuia. Kwa hiyo mwongozo unaomwambia mwanafunzi "fungua saketi kabla ya kugusa nyaya", ukimaanisha aitenganishe, unamwambia katika Kiswahili cha kila siku aruhusu umeme upite kisha aguse. Hakuna kosa la sarufi katika sentensi hiyo na mhariri wa lugha angeipitisha. Ni mtu aliye mbele ya swichi ndiye angeligundua kosa, na angeligundua akiwa amechelewa.

Wala hatari ya kugeuka kwa maneno haya si ya Waswahili peke yao. Claude Shannon, katika tasnifu yake ya mwaka 1937 katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kuwa saketi za rilei zinaweza kuandikwa kwa aljebra ya George Boole, kazi iliyokuja kuwa msingi wa mashine za kidijitali. Katika tasnifu hiyo sifuri ilisimama kwa saketi inayopitisha umeme na moja kwa saketi isiyopitisha, kwa kuwa alikuwa akihesabu kizuizi. Leo mazoea ni kinyume: moja ni kupita, sifuri ni kutopita. Mtu akilisoma andiko la zamani bila kujua kinachohesabiwa, ataijenga saketi kichwa chini.

Kiswahili kina tiba, nayo imo katika kiambishi cha kutendana. Ncha zinaungana, au zinaachana. Vitenzi hivi viwili havina picha ya mlango wala ya bomba. Vinasema ncha mbili zimefanyaje, na hakuna namna ya kuvigeuza. Tazama herufi zilizochapwa kwenye rilei nyingi: "NO" na "NC", vifupisho vya Kiingereza "normally open" na "normally closed". Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "wazi kwa kawaida" na "imefungwa kwa kawaida", na hapo makosa yanakuwa mawili. La kwanza ni lile la wazi na kufungwa. La pili ni hilo "kwa kawaida", kwa sababu mashine inayofanya kazi mchana kutwa ina kawaida ya kuwa na umeme, ilhali herufi zile zinazungumzia rilei ikiwa koili haina umeme. Ningeandika hivi: NO ni ncha zilizoachana koili ikiwa tupu, NC ni ncha zilizoungana koili ikiwa tupu. Ni maneno mengi kidogo kuliko herufi mbili, lakini kila neno linabeba kitu.

Sanduku la kuwashia mota kubwa ya mashine ya kusaga linaonyesha vitenzi hivi vikifanya kazi. Mota ya fezi tatu ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mkubwa mno, kwa hiyo huanza katika muungo wa nyota, ambamo kila koili yake hupata asilimia 58 ya volti na mkondo wa laini hushuka hadi theluthi. Baada ya sekunde chache rilei ya muda huamuru kontakta ya nyota, yaani rilei kubwa ya kubeba mkondo wa mota, iachane na ya delta, muungo unaozipa koili volti kamili, iungane. Zikiungana zote mbili kwa wakati mmoja, fezi tatu zinakutana na shoti inapiga. Kwa hiyo amri ya koili ya kila kontakta hupitishwa kwenye ncha za mwenzake zinazoungana wakati wa mapumziko, ili mmoja akiamka amnyime mwingine umeme. Kwa Kiswahili, kontakta hizo zinazuiana, na neno hilo moja linatosha kueleza mpango wote. Hali kadhalika kitufe cha kusimamishia mota: hutumia ncha zilizoungana, zikaachana kinapobonyezwa. Waya wake ukikatwa na panya, mota inasimama badala ya kuendelea bila breki.

Kwenye upangaji wa muda vitenzi vyetu vinafanya vizuri zaidi. Kuna rilei inayochelewa kuungana na inayochelewa kuachana. Kifaa cha kulinda friji ni cha aina ya kwanza: umeme ukirudi, husubiri dakika kadhaa kabla ya kuupeleka kwenye kompresa. Sababu yake ni kwamba gesi iliyoshindiliwa inahitaji muda wa kutulia. Kompresa ikilazimishwa kuanza huku shinikizo likiwa bado juu, mota yake hukwama na koili zake huweza kuungua. Taa ya ngazi inayoendelea kuwaka kwa dakika moja baada ya kuachia kitufe ni ya aina ya pili. Mnunuzi anayeambiwa tu "taima" hajui ananunua ipi.

Atasema mtu kwamba vitabu vya fizikia vimezoea saketi wazi, na kwamba kuongeza maneno ni kuwachanganya wanafunzi. Sina ugomvi na saketi wazi inayoelezwa darasani kama duara lenye pengo. Ninachokataa ni kuigeuza picha hiyo kuwa amri: fungua, funga. Atasema mwingine kwamba mafundi wanazijua herufi NO na NC, kwa hiyo tafsiri ni ya nini? Zibaki kwenye kifaa. Lakini anayejifunza ufundi wa umeme kwa kukariri herufi atakwama siku atakapokutana na rilei iliyofutika maandishi, au kifaa kinachotumia namba. Aliyeelewa kuungana na kuachana atachukua mita, apime ncha koili ikiwa haina umeme, na herufi zitajiandika zenyewe.

Pingamizi la tatu ni la kweli zaidi: kuachana kunasikika kama jambo la mara moja, na katika umeme si hivyo. Ncha zinapoachana, cheche huwaka kati yake na kuendelea kupitisha mkondo. John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, alitengeneza mwaka 1884 swichi inayoachanisha ncha kwa kasi ya springi ili kuifupisha cheche hiyo. Umeme wa gridi wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na kuipa cheche nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli za jua haupiti sifuri kamwe. Ndiyo sababu rilei nyingi ndogo zilizoandikwa volti 250 za umeme wa gridi zimeandikwa volti 30 tu za umeme wa mkondo mmoja. Ukizitumia kwenye mfululizo wa paneli, ncha huweza kuungua au kugandana. Kugandana basi ni kitenzi cha tatu tunachokihitaji: hali ambayo amri imeondoka na kazi inaendelea. Rilei zisizo na ncha nazo zikiharibika mara nyingi hubaki zikipitisha umeme, kwa hiyo hazifai kutegemewa peke yake kama kinga ya anayefanya matengenezo.

Kwa hiyo wanaoandaa kamusi za sayansi na miongozo ya vifaa wasitumie muda mwingi kulifukuza neno rilei. Waliandike, kisha chini yake waweke kuungana, kuachana, kuzuiana, kuchelewa na kugandana, kila kimoja na maana yake ya kiufundi. Na kila panapoagizwa mtu kutenganisha umeme, waandike tenganisha.