Jiko la Gesi Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha kwa Mara ya Kwanza

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia 2024–2034, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Katika kutekeleza azma hiyo, Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku mikoani.

Kwa Mkoa wa Tabora, mabadiliko haya yana uzito wa pekee. Mkoa huu umezungukwa na misitu ya miombo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa chanzo cha kuni, mkaa na asali. Gesi ya kupikia, kwa upande wake, huingia nchini kwa meli, kisha husafirishwa kuelekea magharibi, upande uleule ulioelekea misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji katika karne ya 19. Ni nishati iliyotoka mbali na yenye tabia zake. Anayeihudumia kama alivyozoea kuhudumia mkaa hujiweka hatarini.

Moshi hupanda, gesi hushuka

Majiko ya asili yalijengwa kwa kufuata tabia ya moshi. Kwa kuwa moshi hupanda, matundu ya hewa huachwa juu, karibu na paa. Nyumba za tembe, ambazo mfano wake unaonekana katika makumbusho ya Kwihara alikokaa David Livingstone mwaka 1872, zilikuwa na kuta nene za udongo na nafasi chache za kupitisha hewa. Hata nyumba nyingi za kisasa za matofali zina matundu ya hewa juu ya madirisha pekee.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na yote mawili ni mazito kuliko hewa: propani kwa takriban mara moja na nusu, butani kwa takriban mara mbili. Ikivuja haipandi, hutambaa sakafuni, hujaa kwenye mashimo na pembeni mwa kuta, na inaweza kuufikia moto ulio mbali na mtungi. Lita moja ya gesi iliyo katika hali ya kimiminika hutoa takriban lita 250 za gesi, na asilimia mbili tu ya gesi hiyo katika hewa ya chumba inatosha kulipuka ikikutana na cheche.

Hivyo, chumba kitakachowekwa jiko la gesi kinahitaji upenyo wa hewa chini, karibu na sakafu, unaotoka nje ya nyumba, pamoja na dirisha linalofunguka. Mlango wa nje wenye nafasi chini yake husaidia, mradi usizibwe kwa tambara au gunia nyakati za usiku.

Wakati wa kununua

Mnunuzi anatakiwa kuhakikisha kuwa mtungi una lakiri isiyoguswa, hauna kutu kubwa wala mbonyeo, na kwamba umepimwa kwenye mizani mbele yake. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mathalani, mtungi wa kilo 6 ulioandikwa uzito mtupu wa kilo 7.5 unapaswa kusoma kilo 13.5 ukiwa umejaa. Biashara ya gesi ya kupikia inadhibitiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na usahihi wa mizani husimamiwa na Wakala wa Vipimo.

Mtungi husafirishwa ukiwa umesimama na kufungwa vizuri, hata unapobebwa kwa bodaboda. Ukilazwa, gesi ya kimiminika huweza kufika kwenye valvu.

Mahali pa kuweka mtungi

Mtungi husimama wima juu ya sakafu iliyo sawa na imara, mbali na jua kali, njia ya kupita watu na mahali watoto wanapochezea. Hauwekwi ndani ya shimo, chini ya ngazi, wala katika chumba cha kulala. Penye uwezekano, mtungi mkubwa huwekwa nje, kwenye kivuli na ndani ya uzio wenye kupitisha hewa.

Kaya nyingi huendelea kutumia mkaa kwa vyakula vinavyochukua muda mrefu, kama vile maharage, huku gesi ikitumika kwa chai na mboga. Katika hali hiyo, jiko la mkaa liwekwe nje. Kuliweka karibu na mtungi ni kuweka moto wa wazi jirani na gesi. Na kuliacha ndani ya chumba kilichofungwa huzalisha hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu waliolala.

Tahadhari nyingine inahusu ugali. Kwenye mtungi mdogo wenye jiko juu yake, kusonga ugali kwa nguvu ndani ya sufuria kubwa huweza kuuangusha mtungi wote. Familia yenye watu wengi inashauriwa kutumia jiko la mezani lililounganishwa na mtungi kwa mpira.

Kuunganisha na kupima

Regulata iendane na aina ya valvu ya mtungi, haipaswi kulazimishwa. Mpira uwe ule uliotengenezwa mahsusi kwa gesi, si wa kumwagilia bustani, na ubanwe kwa vibano vya chuma pande zote mbili. Usipite nyuma ya jiko lenye joto, na ubadilishwe mara unapoonesha nyufa au kukakamaa.

Kabla ya kupika kwa mara ya kwanza, na kila mtungi unapobadilishwa, fungua valvu huku swichi za jiko zikiwa zimefungwa, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yakikua, gesi inavuja: funga valvu na ita fundi. Kiberiti au mshumaa havitumiki kamwe kutafuta uvujaji, hata umeme ukiwa umekatika.

Wakati wa kuwasha, njiti hutangulia, gesi hufuata. Moto mzuri ni wa bluu; moto wa njano unaotia masizi kwenye sufuria ni dalili kuwa jiko linahitaji kusafishwa au kurekebishwa. Baada ya kupika, valvu ya mtungi hufungwa, si swichi ya jiko pekee.

Harufu ya gesi inaposikika

Gesi hutiwa harufu kali kwa makusudi ili mtu aitambue. Harufu hiyo inaposikika, hatua ni hizi:

1. Zima moto wote na funga valvu ya mtungi.
2. Usiwashe wala kuzima taa, na usitumie simu ndani ya nyumba.
3. Fungua milango na madirisha, kisha toa watu wote nje.
4. Ukiwa nje, piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bila malipo.

Iwapo moto unawaka kwenye mtungi na valvu haiwezi kufikiwa kwa usalama, wakazi waondoke na kuwaachia askari wa zimamoto kazi hiyo. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya; dawa ya meno, mafuta na asali havipakwi kwenye jeraha.

Maelekezo haya yamhusu kila mtu anayewasha jiko ndani ya nyumba, wakiwemo vijana na wasaidizi wa kazi, kwa kuwa gesi inaweza kuvuja wakati mwenye nyumba hayupo.