Tafuta: Nyarigoti

Wiki jana nilikuwa naandika mwongozo wa zana ya kutafuta ndani ya logi. Logi, kama hujawahi kuiona, ni daftari la programu: kila tukio lina mstari wake, na mstari unakuambia saa, sehemu ya mfumo na kilichotokea. Tangu Ken Thompson alipoandika grep pale Bell Labs mwaka 1973, kazi ni ile ile: unatoa neno, unapewa mistari yenye neno hilo. Kilichobadilika ni muulizaji. Siku hizi ni wakala wa akili bandia, na mwongozo unaandikiwa yeye.

Nilipofika sehemu ya "matokeo 0" nikakwama. Wakala akipata sifuri huhitimisha kwamba hakuna kilichotokea. Mimi ni mtu wa Kisii. Sifuri ya namna hiyo naijua.

Januari 1908, kijana wa Kitutu aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Geoffry Northcote, ofisa wa utawala wa Kiingereza. Nyumbani tunasimuliwa kwamba aliyemtia moto ni Moraa, nabii ambaye hakutaka vijana wakubali kutawaliwa na wageni. Northcote alipona. Kilichofuata ni askari wa King's African Rifles: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, watu wakauawa. Telegramu zilipofika London, hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliuliza kwa maandishi kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuua watu wasio na kinga kwa wingi kiasi kile.

Otenyo alikamatwa. Wazee wanasema aliuawa, akakatwa kichwa, na kichwa kikapelekwa Uingereza. Zaidi ya miaka mia imepita na watu wake bado wanakitafuta.

Sasa hebu tafuta nao. Barua za utawala wa wakati huo ziko Kew, London, katika mfululizo wa CO 533. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ndani ya jumba lililokuwa la benki. Andika "Nyamira". Huendi mbali, maana mwaka 1908 hakukuwa na wilaya ya Nyamira. Ilikatwa kutoka Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakoloni waliliweka eneo lote ndani ya South Kavirondo. Andika "Abagusii". Karani yeye aliandika "Kisii", au "Kosova". Andika "Nyarigoti". Ndivyo wazee walivyomwita Northcote, lakini karani wa London angelijulia wapi jina hilo?

Tuseme umepata majina yote. Bado kuna swali la nani aliandika, na alimwandikia nani. Ofisa huripoti kile bosi wake anataka kuhesabu: askari, risasi, ng'ombe waliokamatwa. Programu nayo huandika tu kile mtengenezaji wake aliamua mapema kwamba kina maana. Asichokipa mstari, hakuna zana itakayokileta.

Halafu kuna faili zilizopo ila hazimo kwenye orodha. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni pale Hanslope Park. Nyingi ni za miaka ya mwisho ya ukoloni, si za siku za Otenyo. Lakini mtu aliyetafuta kabla ya hapo aliambiwa hakuna kitu, na kitu kilikuwepo kwenye rafu, kimefungiwa.

Basi nikarudi kwenye mwongozo wangu. Chini ya "matokeo 0" nikaandika hivi: zana itaje daftari ilizofungua, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na mistari mingapi iliachwa kwa sababu ya kikomo. Wakala ajaribu majina ya zamani ya huduma kabla ya kukata tamaa. Na kwenye ripoti asiandike "halikutokea". Aandike "sikulipata katika daftari hizi", kisha azitaje.

Northcote hana shida hii. Mtafute leo na utampata haraka: gavana wa British Guiana mwaka 1935, gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Aliyemchoma mkuki ndiye hatujui amelazwa wapi. Siku watu wake watakapopewa jibu lingine la "hatuna kumbukumbu", wana haki ya kuuliza nilichomfundisha wakala auliziwe: mmefungua masanduku gani, na mmetafuta kwa jina gani?