Nola Darling: kutoka sinema ya 1986 hadi Netflix

Wadau, wengi waliitazama She's Gotta Have It ilipotoka Netflix mwaka 2017 wakadhani Nola Darling ni binti wa juzi. Nola ni mkongwe. Alianzia Brooklyn, New York, kwenye sinema ya Spike Lee ya mwaka 1986, iliyopigwa kwa siku 12 na dola 175,000 tu, karibu yote nyeusi na nyeupe. Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 7.

Nola ni msanii, ana wapenzi watatu kwa mpigo: Jamie, Greer na Mars, na hakuna anayefichwa. Kwa miaka hiyo, mwanamke Mweusi kusimama kwenye skrini na kusema hamilikiwi na mtu ilikuwa habari kubwa.

Lakini kuna doa. Karibu na mwisho, Jamie anambaka Nola, na sinema inasonga mbele kana kwamba ni ugomvi wa kawaida wa wapenzi. Mimi naiona ile kama adhabu: umejidai huru, basi chukua. Mwaka 2014 Spike Lee alikiri hadharani kwamba kama angepewa nafasi ya kurekebisha kitu kimoja katika kazi zake, kingekuwa hicho.

Nafasi ikaja kupitia runinga. Wazo la kuifanya tamthilia lilitoka kwa mkewe, Tonya Lewis Lee. Safari hii wanawake walishika kalamu, akiwemo Lynn Nottage, yule aliyepata Pulitzer mwaka 2009 kwa Ruined, mchezo wake wa jukwaani kuhusu wanawake wa Kongo. Katika sehemu ya kwanza, mwanamume asiyemjua anamkaba Nola barabarani usiku. Nola anaponyoka, kisha anajibu kwa mabango ukutani. Kazi hizo ni za msanii wa kweli, Tatyana Fazlalizadeh, ambaye mwaka 2012 alianza kubandika Brooklyn picha za wanawake waliochoka kuamriwa watabasamu.

Tamthilia ilisimamishwa mwaka 2019 baada ya misimu miwili, sehemu 19. Sinema ya 1986 bado ipo, na lile tukio limo. Kwa maoni yangu, majuto ya Spike Lee yalipata uzito pale alipowapa wanawake kalamu. Majuto ya mdomoni tumeyasikia mengi, hata huku kwetu.

Nyie wadau mnaonaje?